Siku Tatu Ambazo Hakuna Aliyevuka

Kalunde hakuzaliwa karibu na reli. Alizaliwa Nuu, kule Mwingi, mahali ambapo mtu anaweza kuishi mpaka meno yakamwisha bila kuisikia honi ya gari la moshi hata mara moja. Kama baba yake asingemwoza kwa Kivuva wa Kwa Ndolo, angekufa bila kujua chuma kile kinalia vipi. Hilo alilisema mara nyingi, na kila alipolisema alitema mate pembeni.

Kwa Ndolo ni kijiji kidogo kabla ya kufika Makindu ukitoka Kiboko. Nyumba ziko upande wa juu wa reli. Bomba la maji, shule, kanisa na njia ya kwenda sokoni viko upande wa chini. Kwa hivyo hakuna mtu wa Kwa Ndolo aliyeweza kunywa, kusoma, kuomba wala kuuza kuku bila kuvuka reli. Walivukia mahali pamoja, palipokuwa na mbao zilizolazwa katikati ya vyuma ili mikokoteni ipite. Hapakuwa na geti, wala kengele, wala mlinzi. Palikuwa na mti wa chuma wenye kibao cha maandishi. Kalunde hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, akauliza kinasema nini, akaambiwa kinasema angalia gari la moshi.

"Kumbe walifikiri tukifika hapo tunaangalia nini?" aliuliza, na wanawake wakacheka. Wakati huo alikuwa bado ni mtu wa kuchekesha wenzake.

Mwaka wa sabini na tisa alimtuma binti yake Mumbua bombani na punda. Mumbua alikuwa na miaka kumi na miwili. Punda yule alikuwa na tabia mbaya: akifika juu ya reli alisimama, akanusa chuma, na hapo hakuna fimbo iliyomwondoa mpaka atake mwenyewe. Gari likitoka Kibwezi hupanda, na mtu hulisikia linavyohema kutoka mbali. Lakini likitoka upande wa Simba huteremka, na huja kimya, hasa upepo ukiwa unavuma kutoka milima ya Chyulu. Siku hiyo lilitoka Simba. Waliokuwa bombani walipiga kelele, na Mumbua aliwasikia, maana aligeuka kuwatazama. Lakini hakuiachia kamba. Alikuwa mtoto wa kusikia aliloambiwa, na aliambiwa asimpoteze punda.

Punda aliruka, akapona bila hata kukwaruzwa.

Wakati wa mazishi Kivuva alisema mbele ya watu wote, "Wewe ndiye uliyemtuma." Hakusema neno jingine siku hiyo, na mwaka uliofuata hakusema mengi pia. Kisha akahamia Kibwezi kwa mwanamke mwingine. Alipoondoka alimchukua na punda.

Watu wa reli waliandika barua. Mwalimu Kisilu, aliyefundisha shuleni na kuongoza nyimbo kanisani, alimsomea Kalunde polepole, mstari baada ya mstari. Barua ilisema marehemu alikuwa ameingia katika ardhi ya reli bila ruhusa. Ilisema wazazi wawaonye watoto wao. Basi.

"Bila ruhusa," Kalunde alirudia. "Na maji je? Ruhusa ya maji iko kwa nani?"

Mwalimu aliikunja barua, akamrudishia. Maneno hayo mawili, bila ruhusa, yalimwingia Kalunde kichwani na hayakutoka tena. Yataonekana mbele ni kwa nini nayataja.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kusimama. Sweta ya shule ya Mumbua ilikuwa nyekundu. Aliifunga kwenye fimbo, na kila asubuhi watoto wakienda shule, na kila jioni wakirudi, alisimama kivukoni. Aliinama akaweka kiganja juu ya chuma. Chuma kikitetemeka aliinua sweta, na kila mtu akasimama mpaka gari lipite. Hakuna aliyemtuma wala aliyempa hata kibaba cha mahindi. Alilima baadaye, jua likiwa tayari limepanda, na shamba lake likawa la mwisho kupandwa kila msimu. Mzee Nzuki, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa zamani, alimvusha kwa mkono kama bibi harusi.

Walimpa jina, Geti.

"Geti, funguka tupite!" jirani yake Kalondu alimwambia kila asubuhi akiwa na mitungi yake mgongoni.

"Funga mdomo kwanza, ndio nifunguke."

"Ukizeeka wewe watakupaka rangi nyeupe na nyekundu."

"Na wewe watakupaka mavi ya punda." Hivyo ndivyo walivyosalimiana, miaka saba, pamoja na ule mwaka wa njaa kubwa, wa mahindi ya manjano, walipokuwa hawana nguvu ya kucheka. Hata mwaka huo Kalunde alisimama. Katika miaka hiyo saba hakuna mtu aliyekufa pale. Hakuna aliyemshukuru pia, maana nani hushukuru kwa jambo ambalo halikutokea?

Lakini alijua miguu yake. Magoti yalianza kuvimba, na macho hayakuwa yale ya zamani. Alitaka geti la kweli, la chuma, lenye mtu wa kulipwa, kabla hajaanguka. Alikwenda Makindu kwa ofisi ya bwana DO, mkuu wa tarafa, mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua. Mwalimu Kisilu akamwandikia, yeye akaweka kidole gumba. Mara ya pili barua ilikuwa haijaonekana. Mara ya tatu ilikuwa imepelekwa Machakos. Mara ya nne karani alimwambia, "Mama, wewe rudi nyumbani, serikali haisahau." Alirudi nyumbani kwa miguu akiamini. Baadaye alijichukia kwa kuamini kule kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufanya, isipokuwa mawili.

Mwaka wa themanini na sita, baada ya mavuno, naibu wa chifu, Nzioka, aliitisha baraza. Nzioka alikuwa mtu wa tumbo na kofia, mwenye sauti tamu. Alisema serikali imetenga pesa za kufanya vivuko vya reli viwe salama, na sehemu ya pesa hizo itafika huku kwetu.

Wanawake walipiga vigelegele. Kalunde hakupiga. Alikuwa amefunika uso kwa leso.

"Wageni watatoka Nairobi," Nzioka aliendelea. "Watakaa siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi. Wengine watakaa hapa, wengine kule Machimboni. Nataka kijiji kiwe safi. Na sitaki kuona watu wakizurura kwenye reli kama mbuzi. Sheria ya reli mnaijua."

Kalunde alisimama. "Chifu, hao wageni wanakuja kupima geti?"

"Wanakuja kuangalia."

"Wanaangalia nini?"

"Mama Mumbua, wewe kazi yako ni kupeperusha sweta. Kazi ya serikali niachie mimi."

Watu wakacheka, hata wale aliowavusha asubuhi hiyo hiyo. Kalunde akakaa.

Jioni bombani maneno yakawa mengi. Mtu mmoja alikuwa amesikia Makindu kwamba wageni watakuwa na madaftari, na kwamba watahesabu. Hapo wanawake waliweka mitungi chini. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa kidole, na ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Tena wazee walikuwepo bado waliokumbuka enzi za mzungu, daftari lilipokuja kwanza, na nyuma ya daftari wakaja watu wa kuchukua ng'ombe. Mzee Nzuki mwenyewe, baada ya kupigiwa kelele sikioni mara tatu, alisema, "Wakihesabu ujue wanachukua."

"Sasa watachukua nini kwetu?" Kalondu aliuliza. "Viroboto?"

"Watatushtaki," Kalunde alisema.

Wote wakamgeukia. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa mwethya, kile chama cha wanawake cha kulimiana na kusaidiana, na habari za reli alizijua kuliko mtu yeyote.

"Mimi nilisomewa barua," alisema. "Mtoto wangu alikufa, na barua ikasema ameingia ardhi yao bila ruhusa. Mmesahau? Sasa wanakuja kukaa na daftari waone ni wangapi tunaingia bila ruhusa. Wakiona tunamiminika hapo kama siafu, watasema watu wa Kwa Ndolo ni wakaidi, hata geti watalivunja. Lakini wakituona tumetulia, kila mtu kwake, hakuna anayerukaruka, watasema hawa ni watu wa maana. Mtu wa maana ndiye anayepewa kitu."

Lilikuwa neno la akili. Hata sasa ukilitazama unaliona ni la akili. Mgeni anapokuja nyumbani kwako, hufagii? Huwafungii watoto jikoni wasimrukie?

Basi Kalunde akapanga. Mwethya wa siku tatu uliitishwa kuchimba matuta upande wa juu, Jumanne mpaka Alhamisi, na mwanamke ambaye hangefika angetozwa kuku. Jumatatu kutwa nzima walichota maji mpaka mitungi yote na masufuria yote yakajaa. Watoto wa shule walipitishwa kwenye kalvati, ule mtaro wa saruji unaopita chini ya reli, mbali kabisa, ambako mtu huinama mpaka goti liguse kidevu. Kulikuwa kukavu msimu huo. Kalunde aliwaonya: "Nikiona kichwa cha mtoto juu ya reli nitakinyoa kwa jembe." Mzee Nzuki aliambiwa akae nyumbani, akaletewa tumbaku.

Jumanne asubuhi gari la serikali lilimshusha karani mmoja pale kivukoni, na kiti, na mwavuli. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka Nyeri, kwa jina Gicheru. Akafungua daftari magotini, akangoja.

Saa nne alikuwa bado anangoja. Mbwa alivuka. Kisha upepo.

Kalunde alimwonea huruma. Mtoto wa watu, amekaa juani bila chai. Akampelekea uji kwenye kibuyu. Hakupitia juu ya reli, alizunguka kwa kalvati na kuinama kote kule kwa magoti yale, ili asionekane naye ni mkaidi.

"Asante sana, mama," Gicheru alisema. "Huu uji una nini? Wetu hauna ladha hii."

"Ni wimbi na mtama. Kunywa, kijana wangu. Kwenu hawakulishi? Umekonda kama fimbo ya kuchungia."

Gicheru akacheka. "Mama, hebu niambie. Watu wa hapa wako wapi?"

"Wako."

"Wapi? Tangu asubuhi nimeona mbwa tu."

Kalunde alitazama daftari. Ukurasa ulikuwa mweupe, umepigwa mistari. Akajivunia. "Watu wa hapa si wengi," alisema. "Ile njaa iliwahamisha. Wengine walikwenda Shimba Hills, wengine Mombasa. Waliobaki ni watu wa kukaa kwao, hawapendi kuzurura."

"Kwa hivyo hapa hapavukwi sana?"

"Ah, ni mara moja moja. Mtu akiwa na haja kubwa."

Gicheru alimtazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Akasema, "Na ajali?"

Kalunde alikuwa na jibu la swali hilo, na jibu lilikuwa na jina. Lakini barua ilikuwa imesema bila ruhusa. Akaogopa kwamba akimtaja Mumbua atawataja wote kuwa wavunja sheria, na geti litawapita. "Zamani," alisema. "Moja. Ilikuwa bahati mbaya."

Karani akaandika. Akaandika polepole, na Kalunde, aliyekuwa hajui herufi hata moja, aliitazama kalamu ile ikitembea na moyo wake ukatembea nayo.

Jumatano alimpelekea mhogo wa kuchemsha. Alhamisi alimpelekea yai. Siku hiyo mikokoteni miwili iliyojaa wageni wa kutoka mbali ilivuka, na mhubiri mmoja mwenye baiskeli, na Kalunde aliwatazama kutoka shambani akiuma meno kwa hasira. Jioni gari lilipokuja kumchukua Gicheru, alimshika Kalunde mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, umenitunza kama mama yangu. Mungu akubariki."

"Na geti usisahau."

Kijana akaangalia chini. "Hiyo haiamuliwi na mimi, mama," alisema. "Inaamuliwa na hili." Akagonga daftari kwa kidole. Kalunde akadhani anamaanisha elimu.

Mwaka ukapita. Mvua ikaja, kalvati likajaa matope. Kalunde akaendelea kusimama na sweta, ambayo sasa ilikuwa imefumuka kiwiko na rangi yake imekuwa ya udongo. Kisha habari zikaja kwamba geti limejengwa Machimboni, kule mawe yanakochimbwa, mwendo wa saa nzima kutoka Kwa Ndolo. Watu walikwenda kuliona. Mti mrefu mweupe na mwekundu, kengele inayolia yenyewe, na kibanda chenye kijana wa ukoo wa Muli ndani, amevaa viatu. Muli ndiye aliyekuwa mwenye machimbo na malori. Dada yake aliolewa na Nzioka.

"Letu liko njiani," Kalunde aliwaambia wenzake. "Hawawezi kujenga yote kwa siku moja."

Na kweli, mwezi wa pili lori likaja Kwa Ndolo. Lilibeba vyuma vya reli vikuukuu vilivyokatwa, mifuko ya saruji, na waya. Wanawake walishuka mbio, na safari hii Kalunde alipiga vigelegele kuliko wote. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Wafanyakazi walikuwa sita, na mkubwa wao aliitwa Kiema, Mkamba wa Kangundo. Kalunde aliwapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa maharagwe yake ya mbegu, maana hakuwa na mengine. Aliwachotea maji ya kuchanganyia saruji. Kalondu alicheza mbele ya lori akisema, "Geti amezaa geti!"

Walichimba mashimo upande huu wa reli, wakachimba upande wa pili. Wakasimamisha vyuma, wakafunga waya nyuzi sita. Wakazing'oa zile mbao za katikati ya reli, wakazipakia kwenye lori. Ilikuwa kama saa tisa alasiri Kalunde alipoanza kuona kwamba vyuma vimesimama mstari mmoja, na katikati hakuna nafasi.

Alimkaribia Kiema. "Baba, geti litafungukia upande gani?"

Kiema alipangusa mikono. "Geti gani, mwaitu, mama yetu?"

"Hili."

"Hili halifunguki." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha. "Hapa panafungwa. Kivuko kisichotumika kinafungwa, ndiyo amri. Hamkuambiwa?"

Kalunde alisimama pale na sufuria mkononi. Ndani ya sufuria kulikuwa na maharagwe aliyowabakizia.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Kisilu, wakafuatana mpaka Makindu. Mwalimu alimwomba karani wa DO, waliyesoma naye, akapewa karatasi aisome hapo hapo mlangoni. Kwanza aliisoma kimya. Kalunde alimwona akirudi juu na kuisoma tena.

"Mama Mumbua," alisema, "siku zile tatu watu walikuwa wapi?"

"Siku zipi?"

"Walikuja kuhesabu wanaovuka. Kivuko chenye wengi kipate geti. Chenye wachache kifungwe, ndio usalama wake. Machimboni malori yalivuka mara mia mbili na zaidi. Kwa Ndolo, watu kumi na tisa, wote wageni. Kwa siku tatu." Akashuka kwa kidole mpaka chini ya karatasi. "Na hapa chini imeandikwa kwamba mwanamke mmoja, mkazi wa hapo, alieleza kuwa wenyeji wengi walihama kwa sababu ya njaa, na kwamba kivuko kinatumika mara moja moja. Ajali moja, ya zamani."

Katika maisha yake yote, hiyo ndiyo mara pekee maneno ya Kalunde yaliandikwa kwenye karatasi ya serikali na kuaminiwa.

Hakulia. Aliondoka Makindu akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Nzioka, akamkuta amekaa uani akinyolewa ndevu na mkewe.

"Ulijua," Kalunde alisema.

"Karibu, mama. Keti."

"Ulijua wanahesabu ili watupe."

"Niliambiwa nisiseme. Watu wakiambiwa wanahesabiwa huvuka mara kumi kumi kudanganya."

"Machimboni ulisema. Malori ya shemeji yako yalipanda na kushuka matupu siku tatu. Kila mtu aliyaona."

Nzioka alimwashiria mkewe aweke wembe chini. "Muli ana kazi yake. Nimkataze mtu kufanya kazi yake? Sasa wewe nikuulize." Sauti yake ilikuwa tamu bado. "Mimi nilisema wageni wanakuja. Nilisema msizurure. Je, nilisema msivuke kwenda kwa maji? Nilisema watoto wapite chini ya ardhi kama fuko? Nani aliitisha mwethya? Nani aliahidi kuwatoza watu kuku?"

Kalunde aliutazama ule wembe uliowekwa chini. Alikuwa amekuja na maneno ya kutosha, aliyapanga njiani yote. 

"Nenda nyumbani, Mama Mumbua," Nzioka alisema, akainua kidevu ili aendelee kunyolewa. "Pesa zimekwisha."

Habari zilifika Kwa Ndolo kabla yake. Mke wa Nzioka alikuwa na dada bombani. Kalondu hakumtania asubuhi iliyofuata. Alimpita na mitungi yake, kisha akageuka na kusema polepole, "Tulikuwa na njia. Wewe ndiye uliyetuficha." Hiyo ilikuwa mara ya pili katika maisha yake Kalunde kuambiwa wewe ndiye, na ya kwanza iliyokuwa kweli. Au labda zote mbili zilikuwa kweli. Hilo alilitafakari miaka yote iliyobaki.

Mwethya ulimchagua kiongozi mwingine.

Lakini maji yalibaki upande wa chini. Waya nyuzi sita haumzuii mtu mwenye kiu. Kabla ya mwezi kwisha kulikuwa na tundu la kwanza, karibu na kivuko cha zamani. La pili likakatwa chini zaidi, kwa wanaokwenda kanisani. La tatu lilikuwa juu, penye kona, ambako reli imekatwa ndani ya kilima na mtu haoni gari mpaka limfikie. Lilikuwa tundu baya, lakini lilikuwa karibu na nyumba nyingi. Kwenye kivuko cha zamani mtu alitembea wima. Sasa alipenya akiinama, nguo ikishikwa na waya, mtungi mgongoni, na alipoinua kichwa alikuwa tayari yuko juu ya mawe ya reli.

Kalunde akachukua fimbo yake na sweta, akasimama kwenye tundu la kwanza, maana ndilo watoto walilopitia. Hakuna aliyemwita Geti tena. Watoto walipita bila kumtazama, kama walivyofundishwa nyumbani. Mzee Nzuki peke yake ndiye aliyeendelea kumpa mkono. Yeye hakuwa amesikia lolote.

Mwezi wa nane Nzuki aliumwa mguu. Siku alipopata nafuu hakutaka kutembea mpaka tundu la kwanza. Akapitia kwenye kona, peke yake, kwenda kununua tumbaku. Kalunde alikuwa ameweka kiganja juu ya chuma. Kilitetemeka. Aliinua sweta, watoto wakasimama. Ndipo alipotazama juu, akaona kofia ya Nzuki ikitokea kwenye waya, mbali, ndogo. Alipiga kelele. Alikuwa akijua anapigia kelele mtu asiyesikia, na hata hivyo alipiga, akakimbia kwa magoti yake, sweta ikipepea, mpaka honi ikafunika kila kitu.

Lilikuwa limetoka Simba.

Barua haikuja safari hii. Watu wa reli walituma mafundi, wakaziba tundu la kona kwa waya mpya. Juma halijakwisha, tundu likawa limekatwa tena.

Kalunde alihamia kwenye kona. Alisimama pale siku nne, mpaka siku ya tano aliposikia watoto wakicheka kule chini, kwenye tundu la kwanza, hakuna mtu wa kuwasimamisha. Akarudi chini. Akiwa chini aliwaza kona. Jumapili aliwaza tundu la kanisani. Tangu hapo hakukuwa na asubuhi aliyotulia mahali pamoja. Wanawake walimwona akienda na kurudi kando ya reli na fimbo yake, wakasema amerukwa na akili.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, akili zake zote zilikuwa timamu. Aliinama, akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa baridi, kisha kikaanza kutetemeka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kote kuwili kulikuwa na watu wanapenya kwenye waya. Akainua sweta kwa wale waliokuwa mbele yake.